Plagi Nne Zisizo na R

Mzee alikuja gereji Jumatatu asubuhi kulalamikia redio ya gari. "Fundi, tangu uliponifanyia sevisi Jumamosi, redio inakwaruza. Matangazo ya vifo siyasikii." Ilikuwa mwaka 2003, na Radio Tanzania aliipata kwa masafa ya kati. Ndugu zake wengi walikuwa mikoani. Matangazo yale hakukubali yampite hata siku moja.

Alikwisha kunitajia ugonjwa: Jumamosi. Sikumsikiliza.

Niliwasha injini, nikakanyaga mafuta, kelele ikapanda. Papo hapo nikatamka: altaneta. Ni kweli altaneta yenye dayodi mbovu hutia kelele redioni, na kelele hiyo hupanda na mzunguko wa injini. Lakini yake ni mluzi mwembamba, kama mbu anayesogelea sikio. Ile ya mzee ilikuwa mchakacho wa dagaa wanapotiwa kwenye mafuta ya moto, na hizo ni cheche za plagi. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hupiga cheche 100 kila sekunde, na kila cheche hurusha mawimbi yanayodakwa na antena. Hayo nilikuwa nimefundishwa na nilikuwa nayajua. Ila altaneta ilikuwa na faida kubwa, nami nilikuwa na haraka.

Kuchomoa waya wa antena nyuma ya redio ni kazi ya dakika chache. Kelele ikikatika, ujue inaingia kwa antena. Ikibaki, inapita kwenye nyaya za umeme. Sikuchomoa.

Nikamfungia altaneta ya mtumba. Mzee akatoa noti kwenye bahasha, akazihesabu mara mbili juu ya boneti, akanikabidhi. Tukawasha. Kelele ileile.

Nikamwomba aniachie gari mpaka jioni. Alipoondoka nilifungua moja ya plagi nilizomfungia Jumamosi, nikaifuta kwa kitambaa, nikasoma: BP5ES. Za zamani zilikuwa bado kwenye kopo la taka, zimeandikwa BPR5ES. Ile R ni rezista ya takriban ohmu 5,000 iliyofukiwa ndani ya plagi, kazi yake kuituliza cheche isivuruge redio. Nilinunua zisizo nayo kwa sababu zilikuwa za bei nafuu, na injini haikuonyesha tofauti yoyote. Nikaenda dukani, nikanunua zenye R kwa pesa yangu, nikazifunga. Redio ikawa safi.

Jioni mzee aliketi kwenye usukani, mlango wazi, mguu mmoja chini, injini ikinguruma, akasikiliza mpaka matangazo yalipokwisha.

"Kumbe kweli ilikuwa altaneta," akasema.

"Ndiyo, mzee."

Mpaka hapo ningeweza kusema nimekosea. Kwa jibu lile niliiba. Wiki iliyofuata aliniletea mananasi matatu kutoka Kiwangwa, akayaweka mwenyewe juu ya meza yangu ya kazi, akaniombea dua. Niliyapeleka nyumbani, watoto wakala.

Altaneta yake nilimwambia imekwisha kabisa, haifai hata kutengenezwa. Siku chache baadaye niliiuza kwa dereva wa teksi. Ilikuwa nzima, na aliitumia mpaka siku alipoliuza gari lake.