Safari Yangu ya Thailand
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wenzangu wengi wameniuliza habari za safari yangu ya Thailand, nami nimekuwa nikiwajibu nusu nusu. Sasa mhariri wa gazeti letu ameniomba niiandike, na nimeona ni vema niieleze yote, pamoja na ile sehemu ambayo sikupenda kuisema.

Sehemu hiyo haikuanzia Thailand. Ilianzia hapa hapa langoni petu, siku ya kutembelewa na wazazi, mwezi wa Februari 2025, nilipokuwa Kidato cha Tatu. Mama hakuweza kuja, akaja bibi yangu mzaa mama kutoka Msambweni. Alipanda matatu mpaka Likoni, akavuka kwa feri, akafika hapa amejifunga leso zilizopauka, miguuni ana ndara, na kichwani amejitwika kikapu cha mahamri na maembe. Wakati huo wazazi wa wenzangu walikuwa wakishuka katika magari yao. Rafiki yangu mmoja akaniuliza, "Yule ni nani wako?" Nikajibu upesi, "Ni jirani yetu tu, ametumwa na mama."

Sikujua ya kuwa bibi alikwisha karibia hata akasikia. Alinitazama kidogo, kisha akamwambia rafiki yangu kwa upole, "Ndiyo, baba, mimi ni jirani yao." Akanikabidhi kikapu, akageuka, akaenda zake. Hata shikamoo sikumpa. Usiku ule wenzangu bwenini walikula mahamri yale wakayasifu sana. Mimi hayakunipita kooni.

Basi, nina mjomba anayenunua na kuuza vito huko Voi. Taita Taveta ni nchi ya mawe ya thamani, na mojawapo ni lile la kijani liitwalo tsavorite, ambalo jina lake limetokana na Tsavo. Mawe mengi ya Afrika ya Mashariki hupelekwa Thailand, kwa maana watu wa huko ni mafundi hodari wa kukata na kung'arisha vito. Mjomba alikuwa ameniahidi kunichukua katika safari yake moja nikifanya vema mtihani, na likizo ya Aprili ilipofika alitimiza ahadi.

Tulitua Bangkok, mji mkuu, katika uwanja wa ndege uitwao Suvarnabhumi. Saa yangu ilinidanganya, kwani Thailand imetutangulia kwa saa 4. Hata miaka yao imetutangulia: kalenda yao ya Kibuddha huhesabu miaka 543 zaidi ya hii yetu, hivyo mwaka 2025 kwao ulikuwa 2568. Mjomba alinitania akasema, "Umekuja mbali hata umezeeka."

Nchi hiyo zamani iliitwa Siam, nayo haikupata kutawaliwa na Wazungu. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa hupigwa mahali pa watu wengi, na watu husimama kimya. Mara ya kwanza tulikuwa katika stesheni ya gari la moshi. Mimi niliendelea kutembea peke yangu, mpaka mjomba akanishika shati.

Tulikwenda Wat Pho kutazama sanamu kubwa ya Buddha aliyelala, ambayo urefu wake ni mita 46 na kimo chake mita 15, nayo imepakwa dhahabu. Tulivua viatu kabla ya kuingia, kama tufanyavyo msikitini. Nyayo za sanamu ile zimepambwa kwa lulumizi, alama 108. Niliitazama kama mgeni atazamavyo kazi ya mikono ya watu wengine, kwa heshima.

Siku ya tatu tukaenda Chanthaburi, mji ulio kusini-mashariki ya Bangkok, wenye soko la vito linalojulikana duniani. Soko lile lilinishangaza. Kwetu mwuzaji hukaa na mnunuzi huzunguka, lakini pale mnunuzi ndiye akaaye mezani na taa yake na mizani yake, na wauzaji humjia na mawe katika vikaratasi. Niliona Waafrika wengi pale, hasa watu wa Afrika ya Magharibi, wakizungumza Kithai kama waliozaliwa nacho.

Tulifikia kwa mwenzake mjomba katika biashara. Sokoni mtu huyu alikuwa mkali. Alikuwa akilitazama jiwe mara moja tu kisha akalirudisha bila neno, na mwenye jiwe akaondoka ameinama. Nyumbani aliishi na mkewe na binti yao wa miaka 14, katika nyumba ya mama mkwe wake. Binti alijua Kiingereza kidogo, akawa mkalimani wangu. Aliniambia ya kuwa bibi mzaa mama kwa lugha yao huitwa "yai". Nilipasuka kwa kicheko. Mjomba akanikanya kwa jicho, lakini nilipomweleza binti yule maana ya neno hilo kwa Kiswahili, akaenda kumwambia bibi mwenyewe, na bibi akacheka kuliko sisi sote. Tangu hapo kila alipokaanga yai aliniita aninyoshee kidole, yeye na yai, yeye na yai.

Nilianza kuona ya kuwa mambo mengi ya nyumba ile nilikuwa nikiyajua. Walipika mchuzi kwa tui la nazi. Jikoni palikuwa na kibao cha zamani cha kukunia nazi, mtu hukikalia kama sisi tunavyoikalia mbuzi, ila wao hukiita sungura. Matunda ya doriani yalikuwa yameanza kuuzwa, na harufu yake ni ile ile ya doriani za Unguja. Hata baadhi ya saa zao za usiku huhesabiwa kama zetu: saa mbili ya usiku kwao ni mbili, si nane. Mjomba alieleza mapema ya kuwa sisi hatuli nguruwe, basi Yai akatupikia samaki siku zote. Chakula huliwa kwa kijiko, na uma ni wa kusukumia tu. Pilipili zao sizielezi. Mwenye kutaka kuzijua na aende mwenyewe.

Lakini jambo nililolitazama zaidi ni salamu. Mdogo ndiye huanza. Hukutanisha viganja mbele ya kifua au uso, akainamisha kichwa, na kadiri anayeamkiwa anavyozidi kwa umri au cheo ndivyo mikono inavyopanda juu. Mkubwa naye huitikia. Ukipita mbele ya wazee walioketi, huinama kidogo ili usiwazidi kimo. Kichwa cha mtu hakiguswi ovyo, wala mguu hauelekezwi kwa mtu. Binti yule aliniita "phi", yaani kaka mkubwa, ingawa hakunijua juzi. Aliponiuliza kwetu wadogo huwaamkiaje wazee, nilimfundisha shikamoo na marahaba. Akaniuliza, "Na wewe humwambia bibi yako hivyo kila siku?" Nikasema, "Naam." Jibu hilo lilikuwa uongo wangu wa pili juu ya bibi yule yule.

Ikaja Songkran, mwaka mpya wao wa asili, ambao huadhimishwa tarehe 13 mpaka 15 Aprili. Desemba 2023 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa wanadamu. Huo ni wakati wa joto kali, na barabarani watu humwagiana maji kwa ndoo na kwa bunduki za kuchezea, wazee kwa watoto, na mgeni hasamehewi. Nililowa toka utosini hadi nyayoni, nikadhani hiyo ndiyo Songkran yenyewe. Haikuwa hiyo.

Jioni binti aliniita ndani. Yai alikuwa ameketi kitini, amevaa nguo mpya, mikono yake ameikunjua juu ya bakuli kubwa. Wote wa nyumba walikuwa wamepiga magoti. Sherehe hiyo huitwa rot nam dam hua. Maji hutiwa manukato na maua ya asumini, na kila mtu huwamwagia wazee wake mikononi kidogo kidogo, akiwaomba radhi kwa makosa ya mwaka uliopita, kisha wazee humbariki. Aliyetangulia alikuwa bwana wa nyumba, yule mkali wa sokoni. Alijongea kwa magoti, akamwaga maji, akasema maneno machache kwa sauti ndogo. Binti alinitafsiria: "Anaomba msamaha kwa kila baya alilolitenda, alilolisema au alilolifikiri, kwa kujua au kwa kutojua." Mtu wa zaidi ya miaka 50, mwenye mali, mbele ya mwanamke mzee asiye na pete hata moja kidoleni.

Mjomba aliniambia, "Hii si ibada, ni heshima ya wazee. Ukipenda, nenda." Nilikwenda. Nilipomwaga maji nikayaona mikononi mwa Yai yale yale yaliyo mikononi mwa bibi yangu, makovu ya kisu na alama ya moto wa mafuta. Nilikuwa nimejiandaa kusema asante kwa kutupokea. Badala yake nilisema kwa Kiswahili, "Nisamehe, bibi. Nilisema wewe ni jirani." Hakuna aliyeelewa ila mjomba. Yai akanipaka maji kichwani, akanibariki kwa lugha yake. Mjomba hakuniuliza neno usiku ule, lakini asubuhi akasema, "Mimi ni mtoto wake. Tukifika nyumbani, kabla hujafungua sanduku, utakwenda Msambweni." Nikajibu, "Ndiyo, mjomba."

Nilikwenda. Nilimkuta bibi uani akikuna nazi. Nilipiga hodi, nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba," wala hakuinua macho. Nikachota maji mtungini, nikachuma asumini kwenye mti wake mwenyewe ulio kando ya mlango, nikayatia bakulini, nikapiga magoti, nikamwomba mikono. Akasema, "Je, waniosha ningali hai?" Nikamweleza habari ya Chanthaburi toka mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza mikono yake ikiwa imetapakaa machicha. Kisha akaikunjua.

Nilipomaliza kumwomba radhi, alinyamaza kitambo. Halafu akasema, "Nilikusamehe siku ile ile, kabla sijapanda feri. Lakini nilikuwa nikingoja uje useme. Msamaha usioombwa ni mzigo wa mtu mmoja." Kisha akaniambia nimalizie kukuna nazi, kwa kuwa nimemlowesha mikono.

Muhula wa pili bibi alikuja tena siku ya wazazi, na leso zile zile na kikapu kile kile. Nilimpokea nje ya lango, nikamtua mzigo, nikampa shikamoo kwa sauti. Rafiki yangu alikuwapo. Nikamwambia, "Huyu ni bibi yangu, mzaa mama. Siku ile nilikudanganya." Uso wangu uliwaka kwa aibu, lakini aibu hii ilikuwa nyepesi kuliko ile ya kwanza. Bibi akampa rafiki yangu hamri, akamwambia, "Kula, baba. Hata majirani hula."

Wasomaji wapenzi, wahenga wamesema, tembea uone. Mimi nilitembea mpaka Thailand kutazama desturi za watu, nikaziona, na nyingi ni nzuri za kupendeza. Ila ile iliyonifaa kuliko zote nilikuwa nayo nyumbani, nami nilikuwa nimeiacha langoni. Muhula huu siku ya wazazi itafika tena. Wengine watashuka katika magari, na wengine watatoka kwenye feri kwa miguu. Nawaomba wenzangu, anayekuja kwa ajili yenu, mwiteni kwa jina lake.