Ada Kubwa Haimpi Muuguzi Leseni Kubwa

Kijana wa Amani, milimani Usambara Mashariki nchini Tanzania, aliyefika Marekani kwa bahati nasibu ya viza mara nyingi huanzia kwenye nyumba za wazee akiwa msaidizi wa wauguzi, CNA: kugeuza wagonjwa, kuwaogesha, kubadilisha mashuka usiku kucha. Hatua inayofuata ni LPN, leseni ya uuguzi inayohitaji masomo ya takriban mwaka mmoja, na hapo ndipo anapokutana na bei mbili. Chuo cha umma cha eneo lake kinaweza kumtoza kati ya dola 5,000 na 10,000 kwa kozi nzima. Chuo binafsi cha kibiashara, chenye mshauri anayempigia simu kila kukicha, kinaweza kumtoza zaidi ya 30,000. Nashikilia kwamba achague cha umma, na sababu yangu haiishii mfukoni mwake. Mkopo ukianza kukatwa, kinachopungua kwanza ni kile kinachotumwa nyumbani, na huko Amani watu wanaotegemea iliki, pilipili manga na kibarua cha kuchuma chai hawana pa kuzibia pengo hilo.

Ushahidi mkubwa upo kwenye mtihani. Wahitimu wa pande zote mbili hufanya mtihani uleule wa NCLEX-PN, kwa ada ileile ya dola 200, na wakifaulu jimbo huwapa leseni ileile. Mwajiri anayetafuta mtu wa kusukuma kigari cha dawa zamu ya usiku huangalia leseni na uzoefu. Mshahara haupandi kwa kuwa chuo kilikuwa ghali. Tena wengi wetu hatutaki kuishia LPN, tunaitazama RN, leseni ya muuguzi kamili. Masomo ya vyuo vya umma hupokewa kwa urahisi zaidi mtu anapojiendeleza, ilhali ya vyuo vingi vya kibiashara hukataliwa, akajikuta anaanza upya anatomia aliyokwisha kuilipia. Kisha kuna hatari ya chuo chenyewe kufa. ITT Technical Institute, kampuni iliyokuwa na matawi zaidi ya 130 na iliyofundisha uuguzi pia, ilifunga yote Septemba 2016, wanafunzi wakiwa katikati ya masomo. Serikali ya Marekani ilikuja kuwafutia waliokopa dola bilioni 3.9 mwaka 2022. Miaka 6 ni mingi kwa mtu anayedaiwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni foleni. Vyuo vya umma vina nafasi chache, na kusubiri si bure: CNA hupata chini kidogo ya dola 40,000 kwa mwaka, LPN karibu 60,000. Kwa hesabu hiyo mwaka mmoja wa kungoja unakaribia kumeza tofauti yote ya ada, na anayesema hivyo hakosei. Lakini mshahara unakatwa kodi, mkopo unazaa riba, na muda wa kungoja unaweza kutumika kumaliza masomo ya awali ambayo mtu angeyasoma vyovyote vile. Aombe pia vyuo vya kaunti jirani, wala asing'ang'anie kimoja. Mwenye kadi ya kijani aombe ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, na ambayo kwenye chuo nafuu inaweza kufunika sehemu kubwa ya ada. Akishafanya yote hayo na foleni bado ni ya miaka miwili, basi aende chuo binafsi kwa moyo mweupe. Ninachokataa ni kusaini mkopo wiki ya kwanza kwa sababu mshauri amesema nafasi zinakwisha.

Wengine husema rahisi ghali. Bei ndogo kweli si dhamana ya ubora, ila kubwa nayo si dhamana. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kesi ya vyuo vitatu vya Florida vilivyouza vyeti bandia vya uuguzi zaidi ya 7,600, na walionunua walilipa maelfu ya dola bila kukanyaga wodi. Cha kupima ni idhini ya baraza la uuguzi la jimbo, kiwango cha ufaulu ambacho mabaraza mengi hukitangaza kwa kila chuo, na wodi. Wodi hasa. Muuguzi anayepaswa kuingiza lita moja ya dripu kwa saa 8, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, ahesabu matone 42 kwa dakika, macho kwenye saa, huku mgonjwa wa kitanda cha pili anamwita. Hilo halifundishwi kwa ubao peke yake.

Kipimo hichohicho ndicho cha kutumia tunapowalipia wadogo zetu nyumbani. Chuo cha Muheza kina Hospitali Teule pembeni. Jijini Tanga kuna Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Chuo chenye majengo mazuri kisicho na hospitali ya kueleweka ni hasara kwa bei yoyote. Ada ya vyuo vya serikali huzunguka shilingi milioni moja na robo kwa mwaka. Zile dola 20,000 zinazookolewa Marekani, kwa shilingi 2,500 kwa dola, ni milioni 50: ada ya stashahada ya miaka mitatu kwa wauguzi 13, ukiacha chakula na malazi. Simwambii mtu asomeshe 13. Hata mmoja akirudi kufanya kazi kwenye zahanati za milimani, patakuwa na mkunga pale ambapo mvua ikikata barabara ya Muheza mama hana njia ya kushuka. Na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha wanafunzi wa stashahada za afya. Kwa hiyo kabla ya kutuma hela ya kozi ya cheti, iliyo chini ya stashahada, kwenye chuo binafsi, aliye ughaibuni aulize kwanza kama alama za mdogo wake za Kemia, Biolojia na Fizikia zinamfikisha kwenye stashahada.