Dodoma Kabla ya AFCON: Chumba Bei Gani?

Mpenzi msomaji, hebu mwambie mwenzako kwamba wikiendi hii mnakwenda Dodoma kula raha, uone atakavyocheka. Watu wengi wa Dar wanaijua Dodoma kwa mambo matatu tu: Bunge, zabibu na vumbi. Tena zamani safari yenyewe ilikuwa adhabu. Siku nzima ndani ya basi, mnafika miguu imevimba na mmeshanuniana tangu Gairo.

Siku hizi hamna kisingizio. Treni ya SGR ilianza kwenda Dodoma Julai 2024, na nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka huo ilikuwa shilingi 31,000. Unapanda asubuhi Dar, kama saa tatu na nusu hivi baadaye unashuka kwenye hewa kavu ya makao makuu, nguo hazijakunjamana. Mimi na mwenzangu tulikwenda kwa siku nne. Tulikusudia kupumzika, lakini kilichotuchukua muda mwingi ni mazungumzo ya wenyeji wetu, mke na mume wenye gesti ya vyumba kumi huko Area C. Kila jioni walikuwa na ajenda moja mezani: AFCON ikija, chumba tuuze bei gani?

Swali hilo linaweza kukuchekesha mpaka ukae karibu na watu ambao mkopo wao wa SACCOS unalilia marejesho kila mwisho wa mwezi.

MJI UNAOJAA NA KUKAUKA

Kwanza uielewe Dodoma. Uamuzi wa kuifanya makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, lakini serikali ilikuja kuhamia kwa kishindo kuanzia 2016. Mwaka 2018 ikapewa hadhi ya jiji. Wizara zikahamia Mtumba, nyumba zikaota Kisasa, Nzuguni na Ihumwa, na kila aliyekuwa na kiwanja na senti mbili akajiuliza: nijenge ya kupangisha au nijenge gesti?

Waliojenga gesti wakajifunza haraka kwamba mji huu una misimu yake. Wakati wa Bunge la bajeti, kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni, kupata chumba kizuri ni bahati. Wabunge, madereva wao, maofisa wanaokuja kujibu hoja, waandishi wa habari, wote wanatafuta kitanda. Agosti kuna Nane Nane pale Nzuguni. Kuna mahafali ya UDOM, wazazi wanajaa na watoto na mashuka yao. Kuna vikao vya chama na semina zisizokwisha. Halafu ghafla mji unakauka. Unaweza kukaa mapokezi wiki nzima ukitazama taarifa ya habari peke yako, na feni inazunguka.

Na mpira nao una msimu wake. Dodoma Jiji ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2020, Uwanja wa Jamhuri ukapata uhai mpya. Simba au Yanga wakija, wewe ambaye hujali mpira kabisa utajua tu. Bodaboda zinapanda bei, kuku pale Chako ni Chako wanaisha mapema, na mashabiki wanatoka Singida, Kondoa, Mpwapwa na Manyoni. Dada mwenye gesti alituambia siku hiyo anaweza kupandisha chumba cha 30,000 mpaka 50,000 na bado mtu analipa huku anacheka. Ndipo mawazo ya AFCON yalipoanzia. Kama mechi moja ya Yanga inafanya hivi, je, Afrika nzima?

HESABU YA MAMA, HESABU YA BABA

Hapa ndipo wenyeji wetu walipotofautiana, tena kwa sauti ambayo sisi wageni tulijifanya hatuisikii.

Mke alikuwa na msimamo wake. "Baba watoto, nafasi kama hii haiji mara mbili. Tuandike 80,000, tudai nusu kabla, asiyetaka apite." Mume naye hakukubali. "Mama, yule dereva wa wizara anayelala hapa kila mwezi utamwambia nini? Na yule wa semina? Wakiondoka hawarudi."

Mpenzi msomaji, usikimbilie kuegemea upande. Kila mmoja ana hoja. Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa uenyeji wa AFCON ya 2027 Septemba 2023. Ni mara ya kwanza nchi tatu kuandaa mashindano hayo kwa pamoja, na kwa ukanda wetu huu ni tukio kubwa maana Ethiopia iliandaa mara ya mwisho mwaka 1976. Timu 24, mechi 52. Taifa Stars nayo ilivuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza kwenye fainali za Morocco, kwa hiyo hamu ya watu iko juu kweli kweli. Mama hakuota mchana.

Lakini Baba naye anajua ramani. Tanzania iliingia kwenye ombi hilo na viwanja vitatu: Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam, Amaan wa Zanzibar na uwanja mpya wa Arusha. Jina la Dodoma halimo. Kwa hiyo mgeni atakayelala Dodoma ni yule anayepita njia, au aliyekosa chumba Dar, au anayetaka kuona nchi kati ya mechi na mechi. Wapo wa kupita, hilo lisikutie shaka. Anayetoka Mwanza, Kigoma, au hata Kigali kwa basi kwenda Dar, njia yake inapita Singida na Dodoma. Ila mtu wa kupita ana tabia moja: akisikia bei ya ajabu, anaendelea na safari mpaka Morogoro.

Treni nayo ina sura mbili. Inamleta mgeni haraka, na inamwondoa haraka vilevile. Mume alituambia wale wateja wake wa kikao cha siku moja, waliokuwa wakilala usiku mmoja kabla na mmoja baada, sasa wengine wanakuja asubuhi na kurudi jioni. Hata AFCON ikinoga, mkazi wa Dodoma mwenyewe atapanda treni akaangalie mechi Dar. Kitanda cha gesti kitabaki kinamsubiri nani?

Mwenzangu, ambaye ni mtu wa mahesabu, akaomba karatasi. Akaandika hivi: vyumba 10 vikijaa siku 30 kwa 30,000, ni shilingi milioni 9. Ukiuza 80,000 ukapata wateja wa vyumba vitatu tu kila siku, ni milioni 7 na laki 2. Ni kweli vyumba vitatu vina gharama ndogo kuliko kumi, chai ni kidogo, kufua ni kidogo, na Dodoma maji ni mali, hasa siku unapojaza simtanki kwa maji ya boza. Lakini ukitoka hapo umebakiwa na nini? Vyumba saba vimekaa bure mwezi mzima, na yule dereva wa wizara ameshazoea gesti ya jirani.

Meza ikanyamaza. Mama akaivuta ile karatasi, akaikunja, akaiweka kwenye kitabu cha wageni. Hakusema amekubali.

WENZETU WALIKUTANA NA NINI?

Kwenye hili kuna somo la karibu. Afrika Kusini ilipoandaa Kombe la Dunia mwaka 2010, wenye nyumba za wageni walikuwa na homa hiyohiyo. Wengine walipandisha bei mara mbili, mara tatu. Wengine walifunga mkataba na kampuni iliyokuwa ikikusanya vyumba kwa niaba ya FIFA, wakakaa wakijua wameshauza. Miezi michache kabla ya mashindano kampuni ile ikarudisha vyumba vingi sana sokoni. Fikiria mwenyewe: umewakataa wateja wako wa kila mwaka kwa sababu umejaa, halafu unaambiwa hujajaa.

Na wageni nao hawakufika wote waliotarajiwa. Makadirio ya awali yalizidi 400,000, lakini waliohesabiwa kuja kwa ajili ya mashindano walikuwa kama 309,000. Hao si wachache hata kidogo, ila kwa mtu aliyekopa akitegemea ile hesabu ya kwanza, tofauti hiyo ni kilio.

Tulipowasimulia wenyeji wetu, mke aliuliza swali moja tu: "Sasa na Bunge je? Mashindano yakigongana na Bunge, nimpe nani chumba?" Swali la maana! Mbunge au ofisa anakuja kila mwaka. Shabiki anakuja mara moja. Lakini shabiki analipa leo, na benki haingoji mwakani.

KUMBE SABABU YA KULALA IPO

Siku ya tatu tuliwaacha na karatasi zao, tukaenda kutembea. Asubuhi tulifika Nyerere Square, jioni tukala nyama choma. Kama upo Jumamosi, nenda mnada wa Msalato, mle nyama mbele ya moshi kama wenyeji. Msisahau mvinyo wa hapa, maana Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Ulaya wangelipenda. Usiku beba koti. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba upepo wake hauna huruma. Kwa wapenzi hiyo siyo kasoro, au vipi?

Kubwa kuliko yote ni Kondoa. Barabara ya lami inakupeleka kaskazini mpaka Kolo, penye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Watu, twiga, wanyama warefu wembamba, vyote vimechorwa kwa rangi nyekundu na watu walioishi hapa maelfu ya miaka iliyopita. Mtasimama mmeshikana mikono na hakuna atakayeongea. Ila huwezi kuyafanya haya yote halafu ukawahi treni ya jioni. Lazima ulale. Mbili, hata tatu.

Tuliporudi tukamwambia mume: shemeji, dawa yako hii hapa. Usimuuzie mgeni kitanda peke yake. Mtafutie dereva mwaminifu wa Kondoa, mwandikie ukutani siku za mnada, mwambie kuku wanapatikana wapi. Mgeni wa AFCON ana siku mbili tatu za kusubiri kati ya mechi moja na nyingine. Akipata sababu ya kuja kuzimalizia Dodoma, atalala. Asipopata sababu, hata ukimpa kwa 15,000 hatashuka kwenye treni.

WALIVYOKUBALIANA

Usiku wa mwisho wakatuita mezani. Ile karatasi ilikuwa imefunguliwa, na safari hii mwandiko ulikuwa wa Mama. Wamekubaliana hivi. Vyumba sita ni vya wateja wa siku zote, bei haiguswi, AFCON au Bunge. Vyumba vinne vitauzwa kwa bei ya msimu, 50,000, ile ile ya siku ya Yanga, na itaandikwa ukutani ili asiwepo wa kusema amepigwa kwa sababu ya lafudhi yake. Atakayeweka oda atatuma nusu kwa simu na kupewa risiti. Akighairi siku saba kabla anarudishiwa yote, akichelewa harudishiwi. Kwenye mitandao ya kuwekea oda wataweka vyumba viwili tu, kwa sababu mitandao hiyo hukata kamisheni, mara nyingi asilimia 15 hivi, na mwenye chumba akisahau kufunga tarehe anajikuta ameuza kitanda kimoja kwa watu wawili.

Mume aliuliza kama 50,000 haijawa kubwa. Mke akamwambia, "Nimeshatoka 80,000, baba, na wewe sogea kidogo." Akasogea.

Nanyi mnaopanga kwenda wakati wa mashindano, wekeni oda mapema na mpige simu wenyewe msikie sauti ya mwenye nyumba. Ulizeni maji yanapatikana saa ngapi, chai imo au haimo, na mkighairi inakuwaje. Msitume hela nzima kwa mtu msiyemjua. Na mkiambiwa bei ya msimu, msianze kumtukana mtu wa mapokezi. Bishaneni kwa adabu, Wagogo ni watu wa utani, mnaweza kushushiwa kidogo na kuongezewa yai.