Uzani wa Laiti

Mjomba wangu hajawahi kukubali kwamba Roy Jones Jr. ndiye bingwa mkali zaidi kuwahi kutokea kwenye laiti-hevi. Tumebishania jambo hili tangu nikiwa darasa la sita. Mimi naleta takwimu, yeye ananijibu kwa jina moja tu, Michael Spinks, halafu anainua kikombe chake cha chai kama hakimu aliyemaliza kesi.

Kama hufuatilii ndondi, laiti-hevi ni uzani wa pauni 175, yaani kilo 79 na ushei. Ulianzishwa 1903 kwa ajili ya watu waliokuwa wakubwa mno kwa uzani wa kati na wadogo mno kupigana na mabonge wa uzani mzito. Pesa nyingi na majina makubwa huwa juu yake au chini yake. Pengine ndiyo sababu mashabiki wake ni wabishi hivi. Ukipenda kitu ambacho wengine wanakipita, unakitetea kwa kelele.

Mjomba alicheza ndondi za ridhaa miaka ya sabini, kwenye ukumbi mmoja wa Eastlands. Pua yake imelala kushoto tangu wakati huo. Hana picha nyingi za enzi zake na hazungumzii mapigano yake mwenyewe. Anazungumzia ya watu.

Kesi yangu kwa Jones ilikuwa rahisi kwa sababu nilikuwa na video. Nilimwonyesha lile pigano la 2002 na Glen Kelly, Jones ameweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, Kelly anajaribu kumfikia, na konde linatokea kusikojulikana. Kelly chini. Nilimkumbusha kwamba kufikia 1999 Jones alikuwa ameshika mikanda yote mitatu mikubwa ya wakati huo. Kwamba 2003 alipanda mpaka uzani mzito akamnyang'anya John Ruiz mkanda wake, kitu ambacho hakikuwa kimefanywa na mtu aliyewahi kuwa bingwa wa uzani wa kati kwa zaidi ya miaka mia moja.

"Sawa," mjomba akasema. "Na yule wa Ujerumani?"

Alimaanisha Dariusz Michalczewski, ambaye alikuwa na mkanda wa WBO miaka hiyo hiyo Jones akitawala Marekani. Hawakuwahi kukutana.

"Anko, hiyo ilikuwa biashara. Mapromota walishindwa kuelewana."

"Mmoja Marekani, mwingine Ujerumani, miaka yote hiyo. Kwani hakukuwa na ndege?"

Nilifikiri ni ubishi wa wazee tu. Kwa kinyozi wetu hapa mtaani kila mtu ana mtu wake. Mwenye duka anasema Bob Foster, aliyetetea taji mara 14 na kumwangusha Dick Tiger wa Nigeria mwaka 1968, wakati hakuna mtu aliyewahi kumlaza Tiger hesabu ikaisha. Vijana wanaosubiri kunyolewa wanasema Artur Beterbiev au Dmitry Bivol na hawajui Foster ni nani. Kuna mzee mmoja wa Archie Moore, aliyeangushwa mara tatu raundi ya kwanza na Yvon Durelle mwaka 1958, akainuka, akammaliza Durelle raundi ya 11. Manze, hapo hakuna mtu huwa anashinda. Unanyolewa, unalipa, unaenda ukiwa bado unabisha.

Na ukweli ni kwamba huwezi kushinda, kwa sababu hata kipimo chenyewe si kimoja. Spinks na Foster walipigania taji raundi 15. Kisha bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, akafa Novemba 1982 kutokana na majeraha aliyopata ulingoni, na kufikia mwisho wa muongo huo raundi zilikuwa 12 kote. Zamani ulipimwa uzani asubuhi ya siku ya pigano. Siku hizi unapimwa siku moja kabla, unakunywa maji, unakula, na unapanda ulingoni ukiwa mzito kuliko mizani ilivyosema. Kwa hivyo hata zile pauni 175 za Foster si pauni 175 za Bivol. Tunalinganisha watu waliopimwa kwa mizani tofauti kisha tunakasirikiana juu ya majibu.

Oktoba 2024 nilienda kwa mjomba kutazama Beterbiev na Bivol wakipigana Riyadh. Wote walikuwa hawajawahi kupigwa. Beterbiev alikuwa na mapigano 20 na nokauti 20. Mshindi angekuwa wa kwanza kushika mikanda yote minne ya uzani huo kwa pamoja. Nilinunua bando, nikaegemeza simu kwenye thermos ya chai, na usiku wa manane tukakaa bega kwa bega kama watu wanaosoma barua moja.

Raundi 12 zikaisha. Jaji mmoja akatoa sare, wawili wakampa Beterbiev. Mimi nikaruka. Niliona Bivol ameshinda, nikasema ni wizi, nikasema ndondi imekufa. Mjomba hakuinua sauti.

"Angalau hawa wamekutana," akasema. "Wanajua."

Kuna jinsi alivyolisema hilo neno. Nikazima simu.

"Wewe ni nani ulikosa kukutana naye, Anko?"

Alichukua muda. Kisha akaniambia kitu ambacho mama yangu, dada yake, hakuwa amewahi kuniambia.

Mwaka 1976 mjomba alikuwa na kilo 75, uzani wa kati wa ridhaa, na alikuwa kwenye kambi ya mazoezi akiitafuta nafasi ya kwenda Olimpiki ya Montreal. Hasemi alikuwa bora. Anasema walikuwa wawili, na nani alikuwa mbele inategemea unamuuliza nani. Kisha Kenya ikajiondoa pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu na New Zealand haikufungiwa nje ya michezo. Wanariadha wetu wakabaki nyumbani, mabondia vilevile. Dhahabu ya uzani wa kati ikaenda kwa kijana Mmarekani aitwaye Michael Spinks.

"Ulikasirika?"

"Nikasirikie nani? Watoto walikuwa wanapigwa risasi Soweto mwezi uliotangulia. Mimi kukosa ndege si kitu. Ilikuwa haki tubaki." Akanyamaza. "Ilikuwa haki, na bado niliumia. Hizo mbili zinakaa pamoja, hazigombani."

1980 Kenya ikasusia Moscow pia. Wakati huo mjomba alikuwa na mtoto na kazi kwenye godauni Industrial Area. Glavu alimpa mtu.

Spinks naye akaendelea. Akapanda laiti-hevi, akachukua taji 1981, na 1983 akampiga Dwight Muhammad Qawi raundi 15, mikanda ikawa mikononi mwa mtu mmoja. Hakuwahi kushindwa kwenye uzani huo. 1985 akamshinda Larry Holmes, ambaye alikuwa ameshinda 48 bila kupigwa, akawa bingwa wa kwanza wa laiti-hevi aliyeko madarakani kutwaa taji la uzani mzito. Mjomba alikuwa anafuata yote hayo kwenye magazeti na redio. Kila Spinks alipopanda, ile siku ya Montreal ilizidi kuwa kubwa.

"Ungemshinda?" nikamuuliza.

"Angenipiga," akasema mara moja. "Angenipiga vizuri sana. Lakini ningejua amenipita kwa kiasi gani. Hata kama ni kwa mbali, ningejua ni umbali gani." Halafu akacheka. "Hata hilo jina lenu la huu uzani ni sawa kabisa. Laiti."

Usiku huo sikulala vizuri. Nilianza kusoma orodha zangu upya, nikitafuta walioachwa nje. Ezzard Charles alimpiga Archie Moore mara tatu kati ya 1946 na 1948. Moore akaja kuwa bingwa wa laiti-hevi kwa karibu miaka kumi. Charles, ambaye watu wengi wanaojua ndondi wanamweka juu ya wote kwenye uzani huo, hakupewa hata nafasi moja ya kupigania taji la laiti-hevi. Akaenda kuchukua la uzani mzito. Na Moore mwenyewe alingoja mpaka Desemba 1952, akiwa amevuka miaka 35, ndipo akapewa nafasi yake. Miaka hiyo aliyosubiri haihesabiki kwenye rekodi ya mtu yeyote.

Sisi hupanga majina ya waliofika, kisha tunasema hiyo ndiyo historia. Tunahesabu mataji waliyotetea na nokauti walizopata. Swali la mjomba lilikuwa tofauti, na kwa miaka yote hiyo sikulisikia: ni nani aliruhusiwa kufika mbele yako? Nilimpenda Jones kwa sababu hakuna aliyeonekana kumfikia. Kwa mjomba, hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yake. Bado naamini Jones angempiga Spinks. Lakini siku hizi nikisema hivyo najua ninazungumzia kitu ambacho hakitawahi kutokea, na kwamba mbele yangu ameketi mtu anayejua uzito wa hicho kitu.

Februari 2025 Bivol na Beterbiev walirudiana Riyadh. Safari hii Bivol alishinda kwa pointi, nayo ikawa moja kwa moja. Nilimuuliza mjomba sasa tuseme nani mkali.

"Wacha wapigane tena. Haraka ya nini?"

Kisha nikamtafutia pigano moja la zamani kwenye simu. Februari 1982, Atlantic City: Spinks anatetea mkanda dhidi ya Mustapha Wasajja wa Uganda. Mtu wa huku kwetu, hatimaye, kwenye ulingo mmoja naye. Mjomba alivaa miwani. Hakusema kitu, ila bega lake la kushoto lilikuwa linasogea kidogo kidogo, likiepa makonde ya mtu mwingine. Raundi ya sita yakamwisha Wasajja.

"Rudisha mwanzo," akasema.

Nikarudisha.