Umbali wa Tongaren na Jeddah



Umbali una mizani mbili, ya kilomita na ya saa, na mara nyingi mizani hizi hazikubaliani. Atokaye Tongaren, kule Bungoma karibu na Kitale, akitaka kwenda Jeddah hupanda gari hadi Nairobi, mwendo usiofika kilomita 400, akakaa njiani saa saba au nane. Akipaa kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, hukata kilomita zipatazo 2,550 kwa muda wa saa nne hivi. Kipande kifupi ndicho kirefu.

Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi walilitambua jambo hili kabla ya kuwapo ndege. Ruhusa ya kupunguza Sala waliifungamanisha na umbali, nao ni marhala mbili, takriban kilomita 80 na kitu kwa hesabu ya leo; hawakuifungamanisha na uchovu. Aukataye umbali huo kwa dakika chache ni msafiri sawa na aliyeukata kwa siku mbili. Lakini akifika na kunuia kukaa siku nne kamili, ruhusa hukatika, naye hutimiza Sala kama wenyeji.

Hapo ndipo penye uzito. Binti aliyekwenda Jeddah kwa mkataba wa kazi za nyumbani wa miaka miwili, sharia humwita mkaazi. Mamake bado humwita msafiri.

Mwaka jana nilialikwa Tongaren kwenye ndoa. Mama mmoja akanijia kando, akasema: "Sheikh, mwanangu yuko Jeddah. Simpigii simu, nachelea kumwamsha. Huko sasa si usiku?"

Nikamwambia: "Mama, saa yao na saa yetu ni moja. Hapa ikiwa saa mbili za usiku, na kwake ni saa mbili za usiku."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hivyo Ramadhani nilipokuwa nikifuturu, naye alikuwa akifuturu?"

"Karibu pamoja, mama. Mlipishana kwa dakika chache."

Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Miezi mingi alikuwa amebeba umbali ambao haukuwapo.

Wazazi wenzangu, fimbo ya mbali haiui nyoka. Kabla binti hajaondoka, hakikisheni wakala wake amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Usomeni mkataba pamoja naye, tena kwa lugha anayoielewa. Bakini na nakala ya pasipoti na ya mkataba, pamoja na jina, anwani na simu ya mwajiri. Kisha wekeni siku na saa maalumu ya kuzungumza, ili akikosekana mjue upesi na kuuliza mapema. Asitafutwe siku ya mshahara tu. Kuunga udugu si kupokea fedha.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba safari ni kipande cha adhabu, humnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na kwamba aliyemaliza haja yake afanye haraka kurudi kwa ahali zake. Basi nasi tuliobaki nyumbani tumrahisishie njia ya kurudi: akiba anayotuma isiliwe yote, na akisema amechoka, asiambiwe avumilie kabla hajasikilizwa.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, awarejeshe salama. Amin.