Ukikohoa Unafumua

Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya upasuaji katika hospitali moja mkoani Tanga hadi nilipostaafu. Wenye ngiri ndogo hawakunisumbua: wanapimwa, wanaandikiwa tarehe, wanapasuliwa, wanakwenda zao. Kazi ilikuwa kwa wanaume ambao ngiri imeshuka kwenye korodani hadi kanzu haiifichi, na kwa akina mama ambao kovu la upasuaji wa uzazi limeachia, tumbo likatokeza mbele. Hao niliwarudisha nyumbani kwanza, na wengi walinichukia kwa hilo. Mtu ameuza mbuzi apate nauli, halafu nesi anamwambia aje mwezi ujao!

Matumbo yakikaa nje kwa miaka mingi, nafasi yake ndani husinyaa. Ukiyarudisha yote kwa mkupuo, ni kama kufunga begi lililojaa kupita kiasi: pumzi inabana, figo zinalemewa, na mshono unavutwa huku na huku. Miaka ya 1940 daktari Goñi Moreno wa Ajentina alikuwa akiwajaza wagonjwa hewa tumboni kidogo kidogo kabla ya kuwapasua, ili nafasi itanuke. Siku hizi wenye uwezo huchoma dawa ya botulinum kwenye misuli ya ubavuni, wiki nne hivi kabla, ili ilegee. Sisi tulikuwa na mizani, kipimo cha sukari, na chupa ya maji yenye mrija ambayo mgonjwa aliipuliza hadi itoe mapovu, kuyazoesha mapafu.

Namkumbuka mzee mmoja aliyekuwa mchukuzi wa mizigo. Alikaa mbele yangu akikohoa, huku mkono mmoja umeushika uvimbe juu ya kikoi usimshuke zaidi.

"Sista, mimi naumwa ngiri, wewe unaniuliza sigara?"

"Baba, daktari atashona, wewe ukikohoa unafumua."

Mkewe akacheka, akatoa pakiti kwenye mkoba wake akaiweka mezani kwangu. Kumbe alikuwa amemfichia toka asubuhi. Tulimtaka aache kwa wiki nne kamili, tukampima makohozi tusije tukakiacha kifua kikuu nyuma, tukamuuliza pia habari za choo na mkojo. Mzee anayejikamua kila siku kwa sababu ya tezi dume ataisukuma ngiri irudi hata ikishonwa na bingwa. Wenye kisukari nao walingoja. Wapasuaji wengi hutaka kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kiwe chini ya asilimia 8.

Jambo moja lilinishinda kulizuia: wembe. Watu walijinyoa nyumbani usiku wa kuamkia upasuaji, kwa heshima tu, wasionekane wachafu. Wembe huacha mikwaruzo, na humo vijidudu huingia.

Sikuwahi kukubaliana na daktari anayepasua haraka kwa sababu ndugu wamepiga kelele. Ngiri iliyorudi ni ngumu kuliko ya kwanza.

Lakini kungoja huko ni kwa ngiri iliyotulia. Uvimbe ukiwa mgumu ghafla, ukauma, ukakataa kurudi ndani, na mtu akaanza kutapika, msisubiri siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.