Tuliporudishwa Nyumbani

Siku tuliporudishwa kutoka seminari, tulifika kwetu usiku na sanduku letu kichwani, ili majirani wasituone. Baba alifungua mlango, wala hakusema neno. Basi tuliwaza moyoni: wakubwa wametukataa, Mungu naye ametukataa. Miezi mingi tulisali kwa midomo tu, tukaogopa hata kukaribia Komunyo.

Padri mzee aliyetuungamisha ndiye aliyetusimulia habari za Mtakatifu Benedikto Yosefu Labre, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1748. Huyu aliomba kuwa mtawa kwa Watrapisti na kwa Wakartusi, asidumu popote. Akawa msafiri maskini, akihiji toka kanisa hata kanisa, mpaka akafa Roma mwaka 1783. Na mwaka 1881 Papa Leo XIII akamtangaza mtakatifu.

Ndipo tulipofahamu kwamba mlango wa seminari si mlango wa mbingu. Mungu alitupokea siku ya Ubatizo, wala hajatufukuza.

Nanyi wazazi, mwana wenu akirudi na sanduku lake, mpokeeni mchana, majirani wote wakiona.